Mlipima sekunde, hamkupima kona

Mhariri,

Naandika kuhusu makala yenu ya ukurasa wa magari iliyolinganisha magari ya michezo yenye injini mbele na yale yenye injini katikati. Kwanza nawashukuru, kwa sababu ni nadra jambo hili kuandikwa kwa Kiswahili kwa urefu ule. Lakini mwandishi wenu amefunga kwa kusema kwamba injini ya mbele imepitwa na wakati, na kwamba anayetaka gari la kukimbia na akili zake timamu ataitaka injini iwe nyuma ya mgongo wake. Ushahidi aliouleta ni sekunde: za kutoka gari limesimama hadi kilometa 100 kwa saa, na za kuzunguka uwanja wa mbio mara moja. Na sekunde zenyewe sina ugomvi. Hukumu ndiyo siikubali, na sitaki vijana wanaoanza kuyapenda magari waimeze bila kuitafuna.

Mimi ni fundi. Kazi yangu kubwa ni springi, shokapu na alaimenti (kuyapanga magurudumu yatazame sawasawa), na huu ni mwaka wa 22. Nina magari mawili madogo ya kukaa watu wawili. Moja lina injini mbele, nimekaa nalo miaka tisa. La pili lina injini katikati, ninalo mwaka wa sita. Yote yanasukumwa na matairi ya nyuma, uzito wao unakaribiana, na nguvu zao hali kadhalika. Siku uwanja wa mbio unapofunguliwa kwa watu wa kawaida nalipeleka hili, siku nyingine lile. Kwa hiyo ninachokisema nimekisikia kiunoni na mikononi, na nimekiona tena gari likiwa juu ya lifti.

Tuelewane kwanza kwenye maneno, maana makala yenu iliyachanganya. Injini ya katikati ni ile iliyokaa baina ya ekseli mbili, yaani mihimili ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, nyuma ya viti. Porsche 911 siyo, injini yake inaning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, na hiyo ni familia ya tatu yenye tabia zake. Boxster na Cayman, za kampuni hiyohiyo, ndizo za katikati. Na hata "injini mbele" si kitu kimoja. Fungua boneti ya gari la kawaida la familia utakuta injini imelala juu ya ekseli ya mbele au imevuka mbele yake kabisa, karibu na rejeta. Fungua boneti ya Honda S2000 utashangaa: mbele kuna nafasi tupu, na injini yote imesukumwa nyuma ya mstari wa magurudumu ya mbele, imeegemea ukuta wa dashibodi. Mazda MX-5 imefuata njia hiyohiyo. Ferrari 812 Superfast ya 2017 ina V12, injini ya silinda 12, mbele, lakini kwa kuwa injini imerudishwa nyuma na giaboksi imepelekwa kwenye ekseli ya nyuma, gari hilo lina uzito mwingi nyuma kuliko mbele. Sasa mwandishi aliyeziweka zote hizi kwenye kapu moja na kuziita za kizamani alikuwa anahukumu mahali boneti inapofunguka, hakuuangalia uzito ulipo.

Na uzito ulipo ndiyo hadithi yote. Chukua madumu mawili ya maji ya lita tano tano. Yakumbatie kifuani, ujizungushe kulia halafu kushoto haraka. Ni rahisi. Sasa nyoosha mikono, dumu moja kila upande, ujaribu tena. Maji ni yaleyale, lakini mwili unakataa kuanza kuzunguka, na ukishaanza unakataa kusimama. Ukaidi huo hauongezeki sawasawa na umbali. Unaongezeka kwa umbali uliozidishwa na umbali wenyewe. Injini ya kilo 180 ikikaa mita 1.4 kutoka kwenye kitovu cha uzito wa gari, ukaidi wake ni 180 mara 1.4 mara 1.4, yaani karibu 353. Isogeze hadi mita 0.6 na hesabu inashuka hadi karibu 65. Kilo hazijapungua hata moja, lakini ukaidi umebaki chini ya moja ya tano. Ndiyo maana gari la injini katikati ukiligusa usukani linageuka kama limesikia wazo lako. Hapo mwandishi wenu yuko sahihi, na mimi mwenyewe kila nikirudi kwenye lile la katikati baada ya wiki kadhaa, kona mbili za kwanza huwa naingia ndani mno kwa sababu mikono bado ina mazoea ya lile jingine.

Yuko sahihi pia kwenye breki, ingawa makala haikueleza kwa nini. Gari linapofunga breki uzito unahamia mbele, na kiasi kinachohama hakitegemei injini ipo wapi. Kinategemea urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini, umbali baina ya ekseli, na ukali wa breki. Tuseme gari lina kilo 1,400, kitovu chake kipo sentimita 45 kutoka chini, na ekseli zimeachana mita 2.5. Ukifunga breki hadi gari lipunguze mwendo kwa nguvu inayolingana na uzito wake, kilo 252 zinatoka nyuma kwenda mbele. Kama mbele kulikuwa na asilimia 55 ya uzito, sasa matairi ya mbele yamebeba kilo 1,022 na ya nyuma kilo 378 tu. Breki za nyuma hapo zimebaki karibu za kupambia. Gari la injini katikati, lenye asilimia 42 mbele, litakuwa na kilo 840 mbele na 560 nyuma. Matairi yote manne yanafanya kazi. Ukinunua pedi za breki kwa magari yote mawili kama mimi, utaliona jambo hili kwa macho: la injini mbele linamaliza pedi za mbele mara mbili kabla za nyuma hazijafika nusu, na lile jingine huisha karibu pamoja.

Kwenye kuondoka ni hesabu ileile ikigeuzwa. Ukikanyaga mafuta uzito unarudi nyuma, na gari ambalo tayari lina asilimia 58 nyuma linayapa matairi yanayosukuma kilo nyingi zaidi za kushikia barabara. Zile sekunde za makala yenu zinatoka hapo kwa sehemu kubwa.

Mbio zilishalimaliza jambo hili zamani, na silifichi. Stirling Moss alishinda mbio za Formula 1 za Argentina mwaka 1958 na Cooper ndogo yenye injini nyuma ya dereva, mbele ya magari yenye injini kubwa zaidi. Jack Brabham akachukua ubingwa wa dunia 1959 na tena 1960 na Cooper hizohizo. Gari la mwisho la injini mbele kushinda mbio za ubingwa wa Formula 1 lilikuwa Ferrari ya Phil Hill, Monza, 1960. Pale Le Mans, kwenye mbio za saa 24 za Ufaransa, lilikuwa Ferrari tena, 1962, ya Hill huyohuyo na Olivier Gendebien. Wamarekani wa Indianapolis walishikilia magari yao ya injini mbele hadi Jim Clark alipowashinda na Lotus mwaka 1965. Mwaka 2015 Nissan walithubutu kupeleka Le Mans magari matatu ya daraja la juu yenye injini mbele na yanayovutwa na matairi ya mbele. Mawili hayakumaliza, na la tatu lilifika mwisho likiwa limefanya mizunguko michache mno hata halikuhesabiwa.

Kwa hiyo kama swali ni lipi litamaliza mzunguko mapema mikononi mwa bingwa aliyelala usingizi wa kutosha na kuijua kila kona, swali limejibiwa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Lakini wasomaji wenu wangapi ni huyo bingwa?

Nieleze kilichonipata. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza na gari la injini katikati. Mvua ilikuwa imekatika kama nusu saa, na lami ilianza kuonyesha mistari mikavu mahali magari yalipopita. Kulikuwa na kona ya kulia, ndefu, ambayo kadiri unavyoingia inazidi kubana. Nipo gia ya tatu. Katikati ya kona nikahisi spidi imezidi kidogo, na mguu wangu ukafanya jambo ambalo ulikuwa umelifanya kwa miaka mingi kwenye gari lile jingine: ukaachia mafuta.

Kwenye gari la injini mbele nalijua jibu lake kama ninavyolijua jina langu. Unaachia, pua inainama, usukani unakuwa mzito kidogo mikononi, gari linajivuta kuelekea ndani ya kona, na mkia unasogea nje taratibu kiasi kwamba una nafasi ya kuvuta pumzi, kurudisha usukani, kisha kurudi kwenye mafuta. Ni mazungumzo. Siku ile hapakuwa na mazungumzo. Niliachia mafuta, na kabla sijamaliza kufikiri kwamba nimeachia, kioo cha mbele kilikuwa kimejaa majani badala ya lami. Nilirudisha usukani, ndiyo, lakini nilirudisha nikiwa nimechelewa, na mkia ulipokamata tena ukanirusha upande wa pili. Gari lilizunguka mara moja na nusu. Nikasimama kwenye nyasi, injini imezima, wipa bado zinafuta kioo, harufu ya majani mabichi yanayoungua kwenye bomba la moshi inaingia ndani, na natazama nilikotoka. Sikuumia na gari halikugonga kitu. Mikono ilitetemeka hadi jioni.

Nimeirudia kona ile kichwani mara nyingi. Kilichotokea si uchawi. Nilipoachia mafuta uzito ulihama kutoka matairi ya nyuma wakati yaleyale matairi ndiyo yanayoshikilia kilo nyingi zaidi za gari zisitupwe nje ya kona. Yalipokata tamaa, ule wepesi wa kugeuka niliousifu hapo juu ukafanya kazi yake kwa uaminifu uleule, ila sasa dhidi yangu. Gari linalogeuka haraka unapotaka hugeuka haraka hata usipotaka. Makala yenu ilisifu upande mmoja wa sarafu hiyo.

Kesho yake nililipandisha kwenye lifti. Upepo wa matairi ulikuwa sawa. Lakini bushi moja, ile raba ya kiungo, ya mkono wa chini unaoshika gurudumu, nyuma kushoto, ilikuwa imechoka, na gurudumu lilipobebeshwa mzigo lilikuwa linatazama nje kwa milimita chache. Bushi ilikuwa jukumu langu mimi mwenye gari, na niliona aibu, kwa sababu kazi hiyohiyo nawafanyia watu kila siku. Gari langu la injini mbele limewahi kutembea miezi na kasoro kama ile, nikajua tu kwamba linavuta upande. Gari la injini katikati kasoro hiyo linaikumbuka mahali pabaya kuliko pote. Ukitaka kuishi nalo vizuri, magurudumu ya nyuma yapimwe mara kwa mara, na usije ukabadili matairi ya mbele kwa mapya ukaacha vipara nyuma.

Si mimi peke yangu. Toyota walipotoa kizazi cha pili cha MR2, gari lao dogo la injini katikati, mwaka 1989, madereva wengi walilalamika kuhusu jambo hilihili, mkia kutoka ghafla mtu anapoachia mafuta kwenye kona. Baada ya miaka michache kampuni ilibadilisha mpangilio wa mikono ya magurudumu ya nyuma na kuweka matairi mapana zaidi. Injini haikusogezwa hata sentimita. Hilo linatuambia kwamba mahali pa injini panatoa tabia ya kuzaliwa, halafu springi, matairi na alaimenti vinailea. Honda NSX ya 1990 ilikuwa na injini katikati na watu waliitumia kwenda kazini kila siku. Ayrton Senna, bingwa wa Formula 1, alipoijaribu ikiwa bado inatengenezwa, wahandisi waliisikiliza kauli yake kwamba bodi imelegea, wakaikaza. Kwa hiyo naomba nisieleweke kwamba naliogopesha gari la injini katikati. Nalipenda. Ninalo.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona likiandikwa vya kutosha, nalo ni mahali unapokaa wewe mwenyewe. Kwenye gari lenye boneti ndefu, kiti chako kipo nyuma sana, karibu na ekseli ya nyuma. Mkia ukianza kusogea hata kwa upana wa kiganja, kiuno chako kinasogezwa nao, na kiuno kina haraka kuliko macho. Kwenye gari la injini katikati unakaa mbele, karibu na mahali gari linapozungukia. Mkia unaweza kuwa umeshaondoka nawe bado umekaa palepale, habari inakufikia kwa macho na kwa usukani. Madereva wazuri wa magari hayo hujifunza kusoma usukani kama kipofu anavyosoma kwa vidole. Inawezekana, mimi imenichukua kama miaka miwili, lakini ni elimu, haiji pamoja na ufunguo.

Baada ya ile ajali isiyo na majeraha nilifanya jaribio ambalo ningependa mwandishi wenu alirudie. Rafiki yangu mmoja na mimi tuliomba kutumia eneo pana la saruji, siku ya mvua, tukapanga koni za plastiki kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 20. Mmoja anaendesha, mwingine anasoma spidi na kuandika. Unazunguka, unaongeza mwendo pole pole mpaka gari likatae.

La injini mbele lilikataa kwenye kilometa 38 kwa saa. Lilianza kulalamika kwenye 35: usukani ukawa mwepesi, pua ikaanza kuisogelea koni ya nje, matairi ya mbele yakatoa ule mlio wa kusugua hata kwenye maji. Ukiachia mafuta linarudi ndani. Ukiongeza kidogo kwa makusudi mkia unatoka, unakaa nao pale ukitaka, hata robo ya duara. Rafiki yangu, ambaye hajawahi kushindana popote, aliweza kulidhibiti mara ya nne.

La katikati lilifika kilometa 40. Kilometa mbili zaidi, na nina hakika hizo mbili ndizo zinazoonekana kwenye saa ya mwandishi wenu. Lakini kati ya 35 na 40 lilikuwa kimya kabisa, limetulia, linakupa moyo. Kwenye 40 mguu ulipoachia ghafla likazunguka na kuangusha koni tatu. Tulifanya hivyo mara kumi na mbili. Rafiki yangu aliliokoa mara mbili, mimi mara saba. Kilichosaidia ni kuachia mafuta taratibu, kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala, na kutoguswa na hofu. Tulizima mfumo wa umeme unaozuia kuserereka kwenye magari yote mawili. Tulipouwasha, tofauti karibu yote ilipotea, na hilo nalo linafaa kuandikwa, kwa sababu wengi wanaosema magari ya kisasa ya injini katikati ni mapole kabisa hawajawahi kukibonyeza kile kitufe.

Mwandishi wenu aliitumia Chevrolet Corvette kama msumari wa mwisho, na ni mfano mzuri kuliko alivyoutumia. Kwa miongo zaidi ya sita Corvette ilikuwa na injini mbele. Mhandisi Zora Arkus-Duntov alililia gari la injini katikati miaka mingi, akatengeneza magari ya majaribio, akafariki mwaka 1996 bila kuliona likiuzwa. Lilitangazwa 2019, kizazi cha nane. Injini ni V8 ya lita 6.2 kama ya mtangulizi wake, nguvu za farasi zikapanda kutoka 455 hadi 490 kwa toleo la msingi, uzito ukaongezeka, na bado likavunja sekunde tatu kufika maili 60 kwa saa likiwa na vifaa vya mbio. Ni kazi kubwa, na moyo wangu ulifurahi kwa ajili ya yule mzee. Lakini giaboksi nayo ilibadilika. Kizazi cha saba kilikuwa na giaboksi ya mkono ya gia saba au otomatiki ya kawaida. Cha nane kina giaboksi ya klachi mbili tu, inayobadili gia bila kukata nguvu. Matairi nayo si yaleyale. Kuzikabidhi sehemu zote za sekunde kwa mahali pa injini ni kumnyima haki aliyetengeneza giaboksi. Na lile la kizazi cha saba, lenye giaboksi yake nyuma, liligawa uzito karibu nusu kwa nusu. Toleo lake la mbio lilishinda daraja la GTE Pro, la magari ya mbio yanayotokana na ya barabarani, pale Le Mans 2015, na Aston Martin Vantage, injini mbele pia, ikashinda daraja hilo 2017. Najua kanuni za daraja lile zilikuwa zinasawazisha magari. Ila kanuni hazimsaidii dereva saa kumi alfajiri kwenye mvua, gari lenye tabia inayotabirika ndilo linalomsaidia.

Ferrari wenyewe walipeleka katikati injini ya silinda 12 ya gari lao la viti viwili mwaka 1973. Mwaka 1996, na 550 Maranello, wakairudisha mbele kwenye magari yao ya kawaida, na hadi 12Cilindri ya 2024 ipo mbele. Magari yao ya V8 na V6 ya kukimbia wameyaacha na injini katikati. Kampuni inayojua yote mawili kwa kina imeamua kuyahifadhi yote mawili, kila moja kwa kazi yake.

Kuhusu matengenezo nitapita haraka, ingawa ningeweza kujaza kurasa. Kutoa hewa kwenye maji ya kupozea injini iliyopo nyuma wakati rejeta ipo mbele, mabomba yamepita chini ya gari lote, ni kazi ya saa nzima ya subira; ukibakiza kipovu kimoja, mshale wa joto utakwambia barabarani. Plagi za upande wa ukuta wa viti unazitafuta kwa vidole, bila kuziona. Kwenye lile la mbele nafungua boneti, kila kitu kipo machoni.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni kwamba mkirudia ulinganisho huu mwandike upepo wa matairi mliyotumia, umri wa matairi, na kama ule mfumo wa kuzuia kuserereka ulikuwa umewashwa. Mwandike gari linafanya nini mtu akiachia mafuta katikati ya kona, na linaanza kusema kwenye spidi gani kabla ya kukataa. Mpime siku kavu na siku ya mvua. Na dereva wa jaribio asiwe mmoja. Aweko mwenye uzoefu na aweko msomaji wa kawaida.

Magari yangu yote mawili yapo tayari kwa kazi hiyo, bushi zote ni mpya. Koni ninazo. Mwandishi wenu aje na viatu vya soli nyembamba, na aje siku ya mvua.

Msomaji wenu wa miaka mingi,
Fundi wa springi na alaimenti